Kantonye wa Kansenge

Alikuwa hapendi kuulizwa alizaliwa wapi. Kwetu hilo ndilo swali la kwanza kwa mgeni, na miaka ile mibaya ilipofika likawa swali la kumpima mtu kabla ya kumwacha apite. Yeye alikuwa na jibu moja kwa wote, kwa chifu, kwa askari, hata kwa padri: "Mimi niko wa kilomita saba."

Kilomita saba zenyewe ni kipande cha barabara ya udongo alichopewa na Serikali akitunze, kuanzia kwenye kinu cha kusagia mihogo mpaka ng'ambo ya kijito cha Kansenge. Mtu wa kazi hiyo tunamwita kantonye. Basi sote tulimwita Kantonye, wakubwa kwa wadogo, na mke wake pia. Jina lake nililijua baadaye sana, nikaliona kama koti la mtu mwingine. Sitaliandika hapa.

Kansenge ni kijito tu. Hakimo kwenye ramani yoyote niliyowahi kufundishia. Wakati wa kiangazi mtoto wa darasa la tatu anakiruka. Wakati wa mvua kinabeba mbuzi. Upande huu kulikuwa na kijiji chetu, chenye kinu, kanisa la matofali mabichi na shule ya vyumba vinne nilikotumwa kufundisha, nikitokea Kalemie, nikiwa sijawahi kulala mahali pasiposikika ziwa. Upande wa pili kulikuwa na kambi ya Batwa, watu wa msituni tangu zamani, na nyuma ya kambi mashamba yetu, kisha msitu. Kila upande ulikuwa na haja na mwenzake. Sisi tulivuka kwenda kulima, wao walivuka kuja kusaga na kutafuta chumvi. Katikati palikuwa na daraja la Kantonye, magogo matano ya mulombwa yaliyolazwa pamoja na mbao juu yake.

Juma langu la kwanza nilifua nguo kijitoni na kuzianika kwenye ukingo wa daraja. Niliporudi nilizikuta zimekunjwa vizuri juu ya jiwe, mbichi bado, na mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya kaki amesimama kando.

"Madamu, hiyo daraja haiko kamba."

Nilimwambia kwamba nguo ni nyepesi, haziwezi kuumiza magogo.

"Leo nguo. Kesho mutu anaanika mihogo. Kesho kutwa anafunga mbuzi. Muti unaoza pole pole, hausemi." Akaniaga kwa adabu, kama vile hatukuwa tumegombana, akaenda zake na jembe begani.

Nilikaa pale miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo sikumwona hata siku moja akipita barabarani bila kitu cha kufanyia kazi mkononi. Asubuhi alitoka na jembe na panga, na fimbo aliyoikata alama za kupimia maji. Alizibua mifereji, akajaza mashimo kwa kokoto, akafyeka kando. Akikuta dereva wa lori amekwama alimsaidia kwanza, kisha akamsomesha nusu saa juu ya uzito. Mshahara wake ulikuwa umekatika kabla mimi sijafika, na hakuna aliyejua ulikatika kwa nini. Mke wake alisimulia mambo hayo huku akitwanga sombe, majani ya mihogo, bila hasira.

"Nyumba yetu inavuja mwaka wa ine," aliniambia siku moja. "Ningejua, ningemwambia tujenge katikati ya barabara. Hapo angeitengeneza."

Alikuwa pia akiandika ripoti. Aliniomba daftari kila mwanzo wa muhula, la mistari mipana, na ndani yake aliandika mambo ya kila mwezi: maji yamepanda hadi alama ya sita, gogo la pili limeanza kuliwa na mchwa, lori limeharibu mtaro. Mara tatu kwa mwaka alipanda lori hadi Kalemie kuikabidhi biro, yaani ofisi ya barabara. Karani mmoja alimpokea muda mrefu, kisha akaja karani mwingine, akamwambia kazi yake ilifutwa zamani na jina lake halimo tena kwenye orodha. Alinisimulia mwenyewe aliporudi, akiwa bado na vumbi la safari usoni.

"Nikamuuliza: na maji, nayo ilifutwa? Nikamwachia daftari juu ya meza. Mbele ya macho yake."

Na aliendelea kupeleka. Mimi nilidhani ni ukaidi wa uzee. Sasa naona ulikuwa ukaidi wa namna nyingine. Alikuwa amekataa kuacha kazi kwa sababu tu waliompa kazi walikuwa wameiacha.

Lakini nisimfanye malaika. Alikuwa na mdomo mkali, na aliogopa maji. Mtu aliyeshinda kijitoni maisha yake yote hakujua kuogelea, na kila aliposhuka chini ya daraja alijifunga kamba kiunoni na kuifunga kwenye mti, hata kiangazi, maji yakiwa hayafiki magotini. Wanawake waliokuwa wakiteka maji walimcheka. Aliwaacha wacheke.

Tena alikuwa na lile lililokuwa ndani yetu sote. Daraja alilifungulia kila mtu. Mwenye kinu alipotaka Batwa wawe wanapita chini, majini, ili wasichafue mbao, Kantonye alimjibu kwamba barabara ya Serikali haina mlango wa nyuma. Lakini kikombe cha Mutwa hakukigusa. Alizaliwa akikuta mambo hivyo, nasi tulizaliwa hivyo hivyo, na hakuna kati yetu aliyejiuliza.

Adui yake mkubwa alitoka kambini. Alikuwa mama wa makamo, msusi wa mikeka, mfupi, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali. Tulimwita Mama wa Mikeka. Kantonye alipanda matete kwenye kingo zote mbili ili mizizi yake ishike udongo; yeye aliyakata kwa ajili ya mikeka. Walibishana kuhusu matete hayo miaka sita.

"Unakula miguu ya daraja yangu, mama."

"Haya matete nilikata nikiwa mutoto. Wewe ulikuwa wapi?"

"Yale yalikuwa ya pori. Haya nimepanda."

"Ulipanda kwa maji ya nani?"

Siku moja ya jua kali nilikuwapo. Kantonye alikuwa amefanya kazi tangu alfajiri na midomo yake ilikuwa imekauka. Mama wa Mikeka alichota maji safi kwenye chemchemi iliyo juu, akamletea kwa kibuyu chake. Kantonye alikitazama kile kibuyu. Kisha akavua kofia, akaikinga.

Mama yule alicheka mpaka akakaa chini. "Kofia yako inanuka kupita kinywa changu," akasema. Lakini alimimina, naye akanywa kutoka kwenye kofia, maji yakimtiririka kifuani. Tangu siku hiyo walikubaliana kuhusu matete: mama akate juu ya daraja tu, upande maji yanakotoka, chini asiguse. Hakuna aliyeandika makubaliano hayo. Wote wawili waliyashika.

Kisha ikaja miaka ya mishale, sisi na Batwa. Sitaeleza ilianzaje; kila upande unaanzia mahali pake. Tulisikia kwanza habari za vijiji vya mbali, kisha vya karibu, watu wakapita na magodoro kichwani kuelekea Nyunzu na wengine kuelekea Kalemie. Direkta wa shule yetu aliondoka na lori la mwisho la juma, akaniachia ufunguo wa ofisi na kashe, yaani muhuri wa shule. Akasema atarudi Jumatatu.

Wanaume wa kijiji walikutana kwa mwenye kinu. Wakaamua daraja likatwe, watu wa kambi wasipate njia ya kutujia. Kulikuwa na mvua nyingi mwaka ule na Kansenge ilikuwa imejaa. Bila daraja hakuna ambaye angevuka. Walikwenda na mashoka wakamkuta Kantonye amekaa juu ya magogo, anakula muhogo wa kuchoma.

"Hii daraja iko kwenye kitabu cha Serikali," aliwaambia. "Mukitaka kuikata, mulete barua. Barua yenye kashe."

Nadhani alitaka kupata siku moja tu, watu wapoe. Hakujua kashe iko kwangu.

Walikuja shuleni mchana, watu saba. Mwenye kinu alikuwa amekwisha kuandika barua. Aliiweka juu ya meza yangu kwa upole, akasema, "Madamu, wewe ni mugeni hapa. Watu wanajiuliza uko upande gani." Mmoja wao alikuwa amesimama mlangoni na shoka, na huyo nilimfundisha mtoto wake kusoma.

Nilitoa kashe kwenye mtoto wa meza, nikaipulizia kama nilivyozoea kufanya kwenye karatasi za mitihani, nikagonga. Muhuri ulitoka safi. Hilo ndilo lililonisumbua baadaye, kwamba ulitoka safi.

Nikawafuata hadi kijitoni. Sijui kwa nini. Pengine nilitumaini kuona barua yangu ikishindwa. Ng'ambo, watu wa kambi walikuwa wamekwisha kukusanyika, wanawake mbele. Kantonye aliichukua barua, akaisoma polepole, akaangalia muhuri, kisha akainua macho akanitazama mimi, nyuma ya wale wanaume. Hakunitazama vibaya. Ningependa angenitazama vibaya.

"Hii njo kashe ya masomo," akasema. "Inafaa kwa mitihani. Haikati muti." Akaikunja, akaitia mfukoni. "Barua nimepokea. Jibu ni hapana."

"Toka, mzee," mwenye kinu akamwambia. "Hatuna shida na wewe."

"Mimi njo niko na shida na ninyi."

Wakasogea. Mmoja akapiga shoka kwenye gogo la pembeni, kipande cha mulombwa kikaruka, chekundu kama nyama. Ndipo Kantonye alipolala. Alijilaza chali juu ya mbao, kofia kifuani, mikono ubavuni, chini yake maji yakinguruma. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Muanzie hapa basi."

Mwenye shoka alimkanyaga mkono wa kushoto, tukasikia mfupa. Kantonye alilia kwa maumivu lakini hakuondoka. Yule mtu aliinua shoka akaliweka juu, likakaa juu. Sijui lilikaa muda gani. Alikuwa mtu aliyelima, aliyekuwa akimsalimu mzee huyo kila asubuhi maisha yake yote. Akalishusha, akapita katikati yetu akaenda nyumbani, na wengine wakamfuata mmoja mmoja. Mwenye kinu alibaki wa mwisho. Kisha naye akaondoka.

Mama wa Mikeka alivuka peke yake. Alivunja matete ya chini ya daraja, yale yaliyokatazwa, akamfunga mkono kwa hayo. Kantonye, jasho likimtoka, akasema, "Siyo hayo, mama. Ya juu." Mama akamwambia anyamaze.

Siku ya tatu walikuja watu wenye silaha kutoka barabara kuu. Mpaka leo sina hakika walikuwa wa nani. Kinu kilianza kuungua, na njia ya Kalemie ilikuwa imezibwa, kwa hiyo hatukuwa na pa kwenda ila ng'ambo. Kijiji kizima kilipita juu ya yale magogo: wazee, wajawazito, watoto wangu wa shule wameshikana mikono kama nilivyowafundisha kwa gwaride. Mwenye kinu alipita amembeba mama yake mgongoni. Kantonye alisimama mwanzoni mwa daraja, mkono umefungwa, akisema neno moja kwa kila mtu, "Pole pole, pole pole," maana mbao zilikuwa na utelezi.

Tulipofika ng'ambo mwenye kinu alimwita alikate sasa, wasitufuate. Kantonye alijibu kwamba nyuma kuna watu bado. Na kweli walikuwapo. Vikongwe wawili na katekista walifika jua likiwa limeinama. Hata hao walipopita hakulikata. Lakini daraja linapitisha kila mtu. Kesho yake wale wenye silaha nao walilipita, wakaichoma kambi. Sisi tulikuwa tumekwisha kuingia msituni na watu wa kambi, wakituongoza kwa vijia wanavyovijua. Mtu mmoja wa kambi, mgonjwa, hakuweza kutembea. Hakutoka.

Kwa hiyo wapo wanaomlaumu, na sitasema hawana haki. Ndugu wa yule mgonjwa alimwambia usoni, kule msituni, kwamba angekata daraja kaka yake angekuwa hai. Kantonye alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Hakujitetea wala hakuomba msamaha. Alisema, "Nimesikia."

Tulikaa msituni karibu mwezi. Mkono wake ulivimba, akashindwa kujilisha, na Mama wa Mikeka alimlisha kwa chungu chake, kijiko chake, kikombe chake. Nilipomuuliza mzee imekuwaje, alinijibu huku anatafuna: "Njaa ni mwalimu kukupita wewe, Madamu."

Baada ya hapo tulitawanyika. Mimi nilirudi Kalemie, nikapata darasa katika shule moja ya mlimani. Yeye nilisikia amerudi Kansenge watu walipoanza kurudi, kisha nikasikia mke wake amekufa, kisha nikasikia binti yake amemleta mjini. Nilijua nyumba ya binti huyo. Miaka miwili nilipita avenyu ya pili ili nisiione.

Mwaka jana binti alinitafuta mwenyewe shuleni. Alisema Kansenge imebeba daraja wakati wa mvua, na kwamba watu wa mradi fulani walifika, wakapima, wakasimika kibao cha kutangaza daraja jipya la chuma, wakaondoka. Kilichobaki ni kibao. Baba yake amepata habari hizo na amefunga mzigo.

"Ana miaka sabini na zaidi, na mkono ule haukunjiki," aliniambia. "Umwambie, Madamu. Wewe umesoma, atakusikiliza."

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, ziwa likionekana chini, limepanda na kumeza mitende ya ufukweni. Alikuwa amekonda zaidi. Alinipa mkono wa kulia, akaniuliza habari za watoto wangu kwa majina, bila kukosea hata moja.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumzuia. Yakatoka mengine.

"Papa Kantonye, ile barua. Mimi njo niligonga kashe."

"Najua. Niliona wino ulikuwa mubichi."

"Niliogopa."

"Sawa." Alitazama ziwa. "Na mimi niliogopa. Wewe unafikiri nililala kwa ushujaa? Watu wanasimulia hivyo, nawaacha. Magoti yalikataa, Madamu. Ile shoka ilipopiga muti, miguu yangu ikaisha. Nilianguka. Nilipokuwa chini nikasema: bon, kusimama siwezi, kukimbia siwezi. Lakini kulala hapa naweza."

Yeye akacheka kidogo, akakohoa.

"Yule mugonjwa wa kambi," akasema baadaye. "Ndugu yake angali pale. Ananichukia, ana haki. Lakini shamba lake liko upande wa kijiji sasa, na bibi yake anavuka majini na mutoto mugongoni. Mimi sijui kuogelea. Ninajua vile inaogopesha."

"Utafanya nini kwa mkono mmoja?"

"Nitawaonyesha muti gani wakate, na wapi walaze. Kazi hiyo inataka mudomo. Mudomo ninao."

Binti alikuwa amesimama mlangoni akinitazama, akingoja. Nilijua nilichoitiwa. Nilimuuliza mzee lori linaondoka lini. Alisema kesho, baada ya misa ya kwanza. Binti akaingia ndani, nikasikia sufuria zikigongana.

Asubuhi nilifika kituoni kabla yao. Binti alimleta, macho mekundu, na kapu la ndagala, dagaa wa ziwani, kwa safari. Lori la Nyunzu lilikuwa limejaa magunia. Tulimpandisha watu watatu, naye akituelekeza kila mguu uwekwe wapi, kisha nikampa jembe lake, mpini kwanza. Dereva, kijana asiyemjua, aliweka kichwa nje.

"Muzee, na jembe? Unaenda kulima?"

Alikuwa anajitafutia mahali kati ya magunia, hakugeuka.

"Ninaenda kazini," akasema. "Endesha pole pole."